Kilio cha Bunge la Kapata

Jambo hili nililipata kwa Symphorien Lukusa mwenyewe, jirani yangu wa ukuta, siku ya Mungu baada ya misa, alipokuja kunirudishia mkeka wangu. Mke wake Adèle alisimama nyuma yake na mtoto mgongoni, na kila Symphorien aliporuka kipande, Adèle alikirudisha mahali pake. Mimi siku ile ya mambo nilikuwa Sandoa kwa binti yangu, ndiyo maana mkeka wangu ulikwenda kilioni bila mimi. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni maneno ya watu wawili. Pale walipobishana nimemfuata Adèle.

Symphorien anafundisha chuo kikuu hapa Kolwezi, na kazi yake ni mabunge. Watu wengine wanasoma mawe, wengine wanasoma magonjwa ya mbuzi. Yeye anasoma namna wabunge wanavyokaa: nani anapewa neno kwanza, nani anaweza kukatwa neno, na kama nusu ya watu wametoka nje, je, walichoamua waliobaki ni sheria au ni maneno tu. Alianza hiyo kazi akiwa kijana mwenye nywele nyingi. Nywele zimekwenda, yeye bado ni assistant. Assistant ni mtu anayefanya kazi ya professa huku akingoja kuitwa kitu kingine. Ili aitwe kitu kingine, lazima thèse yake ikubaliwe, lile buku nene aliloandika juu ya mabunge ya mikoa, na ili ikubaliwe ilikuwa imebaki saini moja tu, ya Professa Kalonji wa Lubumbashi.

Professa Kalonji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusoma. Aliisoma thèse yote, hata yale maneno madogo ya chini ya ukurasa ambayo hakuna anayeyasoma, kisha akampigia Symphorien simu.

"Umeandika kwamba mtu akifundishwa bunge kwa kulikalia anaelewa kuliko akifundishwa kwa kitabu. Umeandika vizuri. Uliona wapi?"

"Kwa wanafunzi wangu, professa."

"Basi nitakuja kuona na mimi. Wakikaa kama bunge, jioni hiyohiyo tunakula pamoja kule nitakakopanga chumba, na ninatia saini mezani. Alfajiri basi langu linaondoka. Wasipokaa, tutaangalia mwaka mwingine."

Huo mwaka mwingine Symphorien alikuwa ameshaahidiwa mara nyingi. Aliujua kama mtu anavyomjua jirani.

Akaenda kuomba salle, ule ukumbi mkubwa wa chuo. Akaambiwa salle imeshikwa na watu wa maombi, wana semina ya wiki nzima, na mapepo hayatolewi nusunusu. Akarudi nyumbani, akasimama katikati ya lupango lake, yaani ua wa nyumba, akaangalia huku na huku. Nyumba yake ni ile aliyoachiwa na baba yake, nyumba ya kampuni ya mgodi, kwenye zile safu za Kapata zinazofanana mpaka mgeni anaweza kuingia kwa jirani na kuvua viatu kabla hajatambua. Lakini lupango ni pana. Kilichokosekana ni kivuli na viti.

Akaenda kwa Latifa, mke wa Shafii mwenye malori, watu wale Waislamu waliotoka upande wa Kasongo zamani. Latifa anakodisha viti vya plastiki na bâche, lile turubai kubwa la buluu lenye miti yake.

"Ninahitaji bâche na viti vyote ulivyo navyo," Symphorien akasema.

Latifa akaweka mkono kifuani. "Pole sana, tata," akasema, kama tunavyomwita hapa kila baba mwenye nyumba.

"Asante. Ni kazi ya chuo."

Latifa akamwangalia kwa huruma. Alikuwa ameshaona watu wengi siku ya kwanza, wanasema chochote. "Kwa mambo kama haya sisi hatuulizi kitu. Utarudisha ukimaliza. Shafii atakuletea na lori."

Symphorien akarudi nyumbani akimwambia Adèle kwamba wafanyabiashara wa mji huu wanaheshimu elimu kuliko watu wa serikali.

"Symphorien," Adèle akasema, "bâche mu lupango? Bantu batasema nini?"

"Watasema kuna kivuli."

Adèle akaenda kutwanga. Jioni wanafunzi wawili wakaja kusaidia kusimamisha miti, na kwa kuwa professa ni mgeni wa heshima, wakakata matawi ya mchikichi wakayapanda kila upande wa mlango wa lupango. Yalipendeza. Adèle akayaangalia, akamwangalia bwana wake, akaingia ndani.

Hapa kwetu bâche na matawi ya mchikichi mlangoni vikikutana, maana yake ni moja tu. Na mtu akiona vile haulizi nani amekufa. Kuuliza ni aibu, ni kama unapima kwanza kama marehemu anafaa machozi yako. Unaingia, unalia, unakaa. Jina utalipata mbele. Symphorien amezaliwa Kapata, haya yote anayajua. Lakini wiki ile kichwa chake kilikuwa kimejaa bunge, hakukuwa na nafasi ya kitu kingine.

Asubuhi yake viti vilikuwa vimepangwa kwa safu, na meza mbele imefunikwa kitambaa cheupe, juu yake kengele ya shule ya msingi. Wa kwanza kufika alikuwa Myriam, mwanafunzi aliyechaguliwa kuwa présidente wa bunge. Alivaa koti la dada yake. Nyuma yake wakaja wanafunzi wachache. Kisha hakuja mtu.

"Bengine beko wapi?" Symphorien akauliza.

"Bwana Assistant, habatakuya."

"Juu ya nini?"

"Mvua ya jana ilifungua udongo kule upande wa mgodi wa Mashamba. Shaba inaonekana kwa macho. Walisema bunge litabaki palepale, mawe hayatabaki."

Wengi wa wanafunzi wake wanajilipia masomo kwa kuchimba, hilo Symphorien alilijua. Lakini yeye ndiye aliyewafundisha kwamba wabunge wakiwa pungufu ya nusu, kikao hakipo, hata spika apige kengele mpaka ipasuke. Na juu ya sheria hiyo alikuwa ameongeza ya kwake: siku hiyo darasa lote sifuri. Akahesabu vichwa. Akahesabu tena kuanzia upande mwingine. Nusu haikufika hata kwa kusukuma.

Wakati huo ndipo Mama Beya, muuza sombe, yale majani ya muhogo, alipoingia mlangoni mikono juu ya kichwa.

"Eee yooo! Tata Lukusa! Eee, na juzi tu tulionana!"

Akamwangukia Symphorien shingoni. Symphorien akadhani mama wa watu amefiwa. Akampigapiga mgongoni.

"Pole, mama. Pole sana."

"Pole ni yako, tata. Sisi tutafanya nini? Mungu ametoa, Mungu ametwaa." Akafuta uso kwa kitenge, akatandika mkeka kando ya ukuta, akakaa.

Hayo maneno ya juzi tulionana Mama Beya anayasema kila kilio. Yanamfaa kila maiti.

Nyuma yake wakaingia wengine. Wanawake wakakaa mikekani, wanaume wakashika viti. Akaja Tata Mukalay, mstaafu wa mgodi, yule anayesema neno la avenue, mtaa wetu, kila mtu anapofariki, amevaa suruali nyeusi iliyopigwa pasi. Mtu mmoja akaleta unga. Mwingine akashusha gunia la makala, yale makaa ya kupikia, karibu na jiko. Symphorien anasema alipoliona lile gunia la makala, ndipo alipoelewa. Akakaa chini kwenye udongo, na watu wakaona kweli huyu amefiwa.

Adèle akatoka ndani na mchi mkononi. "Nilikuambia nini?"

"Nenda uwaambie."

"Mi? Mi njo naitwa assistant?"

Symphorien akasimama aseme mwenyewe. Akafungua kinywa, na pikipiki ikasimama mlangoni. Professa Kalonji akashuka, mwekundu kwa tope toka kiatu hadi miwani, begi la ngozi chini ya kwapa. Watu wote wakainuka kumpa mkono, mmoja mmoja, vichwa chini.

"Pole, tata. Pole sana."

"Asanteni," professa akasema. "Kweli, njia ni mbaya."

Akaangalia viti. Vyote vilikuwa na watu, na mikeka pia. Uso wake ukafunguka.

"Symphorien! Wote hawa ni wako?"

Pale ndipo mahali pa kusema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Symphorien akaliangalia lile begi, mlimokuwa na thèse yake na karatasi ya saini.

"Ndiyo, professa."

"Hata wale wazee?"

"Wale ni wa masomo ya jioni."

Adèle akaingia ndani akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga polepole, na Symphorien anasema angependa angeubamiza.

Myriam akamwangalia mwalimu wake. Mwalimu akaangalia chini. Myriam akapiga kengele. Watu wakanyamaza, wanaume wakavua kofia.

"Kikao kimefunguliwa," Myriam akasema.

"Amina," wakaitika mikekani.

Jambo la siku lilikuwa sheria ya malori: malori ya mawe yasipite tena katikati ya Kapata, na yafunikwe vizuri. Mwanafunzi anayeitwa Stéphane alikuwa waziri. Alikuwa amejifunza maneno yake kwa kichwa, akasimama, akatengeneza koo.

"Waheshimiwa, vumbi hili linaingia katika chakula chetu. Linaingia katika vifua vyetu. Ni wangapi tumewazika..."

Hakumaliza. Mama Beya akapasua kilio, na mikeka yote ikamfuata. Kumbe ni kifua! Kumbe ni vumbi lililomchukua! Wakalia vizuri sasa, kwa sababu kujua ugonjwa kunasaidia. Stéphane akangoja. Katika yale mazoezi yote hakuna aliyemwambia kuwa ana kipaji hiki.

Professa akainama kwa Symphorien. "Wanalia?"

"Wanaishi na jambo wanalolijadili, professa."

Professa akafungua kalamu yake, akaandika.

Tata Mukalay akasimama. "Sisi bantu ba avenue..."

"Mheshimiwa," Myriam akamkata, "hujapewa neno."

Tata Mukalay akakaa. Hakuchukia. Kinyume chake, alimwambia jirani yake kwamba familia hii ina utaratibu, si kama wale wa wiki jana waliosema wote pamoja kama kuku. Zamu yake ilipofika, akapewa neno, akasimama, akashika kofia mbele ya tumbo.

"Huyu aliyetutoka," akasema, "hatukumjua vya kutosha. Alikuwa katikati yetu, tukamzoea. Hakuwa mtu wa kelele. Kama alimkosea mtu, ni kwa kutojua. Kama alichukua kitu cha mtu, mwenye kitu asamehe leo. Sisi wa avenue tunasema: aende vizuri."

"Nani ametoka?" professa akanong'ona.

Jasho lilikuwa likimshuka Symphorien ndani ya shati. "Anasema juu ya bunge lililopita, professa. Lile lililomaliza mandat yake."

"Anasema vizuri kuliko lilivyostahili," professa akasema, akaandika tena.

Wakafika kwenye kura. Myriam akasema wanaokubali wainue mkono. Watu wote wakainua. Akasema wanaokataa wainue mkono. Watu wote wakainua tena. Mtu akiwa kwa kilio cha watu anafanya kama wenzake, hachagui. Myriam akaandika kitu, tena akakifuta, akasema kikao kimefungwa. Akapiga kengele.

Hakuna aliyeinuka.

Akapiga tena. Mtoto mmoja akapiga chafya. Watu wakabaki wamekaa, mikono juu ya magoti, wakimwangalia Symphorien kwa upole. Maana kilio hakifungwi kwa kengele. Mtu wa familia anasimama, anataja jina la marehemu, anasema aliugua nini na atazikwa lini, hapo ndipo mtu anaweza kwenda kuangalia sufuria yake.

"Wanangoja nini?" professa akauliza.

Tata Mukalay akasaidia. "Tata Lukusa, tunakuelewa, ni ngumu. Lakini utuambie jina. Tutashika kilio mpaka kesho na hatujui tunamlilia nani?"

Symphorien akasimama. Huko Sandoa ana shangazi, mzee sana, aliyewatumia unga wa muhogo mwezi uliopita. Hakuna mtu Kapata aliyemjua. Angeweza kumtaja. Watu wangelia kidogo, wangekunja mikeka, na mbele ya professa ingekuwa sehemu ya mchezo wa bunge. Jina la shangazi lilikuwa limeshafika kwenye meno. Hapo mlango wa nyumba ukafunguka, Adèle akasimama kizingitini na mtoto mgongoni, akimwangalia.

Basi shangazi wa Sandoa akabaki hai.

"Hakuna mtu aliyekufa," Symphorien akasema.

Mama Beya akainua uso. "Hakuna?"

"Hakuna, mama. Hii ilikuwa darasa. Tulikuwa tunafanya bunge. Mlipoingia nilikosa nguvu ya kuwaambia." Akamgeukia professa. "Na hawa si wanafunzi wangu. Wanafunzi wangu wengi wako Mashamba. Nilikudanganya."

Professa Kalonji akafunika kalamu yake, akaiweka mfukoni.

Wanawake wakainuka mikekani.

"Tuko nalia tangu asubui!"

"Mi nimefunga meza yangu ya sombe! Sombe inakauka!"

"Na makala yangu? Makala ya kilio inarudi nyumbani namna gani? Mutu anatoka na makala kwa kilio, umeona wapi?"

"Huyu anatuchezea juu ya masomo yake! Kesho atafanya harusi ya uongo!"

"Harusi tutakula kwanza, njo tutauliza!"

Wote walisema pamoja, na kijana mmoja akashika kiti akakiinua, si kwa kukaa. Myriam hakujua la kufanya. Akafanya kitu pekee alichokuwa amefundishwa. Akapiga kengele.

"Waheshimiwa! Anayetaka neno ainue mkono! Mmoja mmoja! Mama Beya, una neno."

Mama Beya akashtuka. Hakuwahi kupewa neno, yeye hulichukua. Akasimama, akafunga kitenge upya. Akasema machozi yake si maji ya bomba. Akasema bâche iliyoliliwa haikunjwi siku hiyohiyo, wote wanajua. Machozi yakikunjwa ndani yatatafuta mtu wa kweli. Kwa hiyo yeye anaomba hivi: Symphorien asitoe mguu mlangoni leo, alale chini ya bâche mpaka kukuche, na kesho apite nyumba kwa nyumba aseme kwa kinywa chake kwamba hakuna aliyekufa.

Stéphane, waziri wa malori, akaomba neno. Akasema kilio bila maiti si kilio, machozi yale ni maji kweli, bâche ikunjwe watu waende. Wanaume wa vitini wakampigia makofi. Tata Mukalay akaomba lile gunia la makala na unga vipikwe palepale, ili kisirudi kitu nyumbani kwa mtu. Hilo wote walilikubali bila kura. Lakini juu ya kulala walibishana mpaka jua likavuka bâche, kila mtu kwa zamu yake, na aliyekata neno la mwenzake alirudishwa kitini. Kalamu ya professa ilitoka tena mfukoni, Symphorien akaiona.

Akaona pia shida yake. Ikiamuliwa alale, hatakwenda kula na professa. Professa atakula peke yake, alfajiri basi litamchukua na begi lake, na hasira yake itafika nayo Lubumbashi ikiwa mbichi. Jioni ile ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kujieleza.

Myriam hakutaka tena habari ya mikono. Akasema wanaotaka Symphorien alale waende upande wa jiko, wanaokataa waende upande wa mlango. Watu wakagawanyika. Akahesabu. Upande wa mlango walizidi kwa mtu mmoja. Symphorien akapumua.

"Mi sijapiga," Adèle akasema kutoka kizingitini.

Akashuka, akapita mbele ya bwana wake, akaenda kusimama upande wa jiko.

"Adèle!"

"Nini? Kura haina bibi wa mutu."

Sasa walikuwa sawasawa. Myriam akahesabu tena, sawasawa. Akamgeukia mwalimu wake, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuuliza.

"Bwana Assistant, kura zikilingana, sheria inasema nini?"

Lupango lote likamwangalia. Yapo mabunge ambamo kura zikilingana jambo linaanguka, limekwisha, watu wanakwenda nyumbani. Angeweza kusema hivyo, na asingekuwa amedanganya kuhusu mabunge yale. Lakini hawa wanafunzi aliwaandikia sheria yao wenyewe mwanzoni mwa mwaka, na alikumbuka alivyoandika. Professa naye aliisoma, mwishoni mwa thèse.

"Katika bunge hili," Symphorien akasema, "kura zikilingana, sauti ya présidente ndiyo inayokata."

Myriam akavuta koti la dada yake. "Basi, Bwana Assistant, samahani sana. Utalala chini ya bâche."

Upande wa jiko wakapiga vigelegele. Professa Kalonji akafunga begi lake, akasimama, akapangusa suruali.

"Vizuri," akasema. "Mimi ninakwenda zangu kwenye chumba changu."

"Na huyu mwenye begi," Mama Beya akasema, "alilia?"

Watu wakaangaliana. Hakuna aliyemwona akilia.

"Alileta kitu? Unga? Hata kuni?"

"Mama, mimi ni mgeni," professa akasema.

"Mugeni halii?"

Myriam akapiga kengele. Sasa mkono wake ulikuwa umeshaizoea. "Mheshimiwa mgeni, una neno la kujitetea?"

Professa alikuwa amefundisha miaka mingi kwamba hakuna mtu anayehukumiwa na bunge bila kusikilizwa. Hakuweza kuondoka akisikilizwa. Akaweka begi chini.

"Sikujua kama ni kilio," akasema.

"Hata sisi hatukujua kama si kilio," akajibu Tata Mukalay, "na tulilia."

Myriam akaitisha kura kama mgeni naye alale chini ya bâche, wakaenda upande wa jiko karibu wote. Symphorien anasema yeye hakusogea. Adèle anasema alisogea, tena mbio.

Watu wakala bukari, ugali wa ule unga, na sombe ya Mama Beya, ile ile iliyokuwa inakauka, wakashukuru, wakaenda makwao. Wanafunzi wakapanga viti. Adèle akatandika mikeka miwili chini ya bâche, mmoja wao wangu, akampa professa shuka iliyo safi na bwana wake ile nyingine. Akaingia ndani na mtoto, na muda si mrefu taa ikazimwa.

Wanaume wawili wakalala chali wakiangalia buluu. Mbali, malori yalikuwa yanapita katikati ya Kapata, hayakuwa yamefunikwa.

"Symphorien."

"Professa."

"Bunge lina haki ya kumwadhibu mtu asiye mbunge?"

"Lina haki ya kulinda kikao chake, professa. Lakini asikilizwe kwanza. Wewe ulisikilizwa."

"Mm. Na kikao cha asubuhi?"

"Hakikuwepo. Wabunge walikuwa pungufu ya nusu."

"Na cha mchana?"

Symphorien akafikiri. Mkeka ulikuwa na unyasi uliochomoza, unamchoma ubavuni. Huo ni wangu, ninaujua.

"Cha mchana watu walikuwepo wa kutosha. Walipewa neno, wakabishana, wakapiga kura, na waliyeamua juu yake ametii. Lakini halikuwa bunge. Hakuna aliyewachagua. Nikiliita bunge kwa sababu limenifurahisha, nitakuwa nimedanganya mara ya pili leo."

"Limekufurahisha?"

"Hapana, professa. Unyasi unanichoma."

Professa akajigeuza mkekani. Kisha akasema darasa la asubuhi ni sifuri kwa wote, na juma lijalo lirudiwe na wanafunzi wa kweli, wale wa Mashamba wakinawa mikono kwanza. Symphorien akasema ndiyo. Professa akasema pia kwamba ile habari ya masomo ya jioni isirudiwe tena mbele yake maisha yake yote. Symphorien akasema ndiyo.

"Ulipoulizwa kura zikilingana inakuwaje," professa akasema, "nilidhani utasema jambo linaanguka."

"Nilidhani hivyo pia."

"Nimulikie."

Symphorien akawasha taa ya simu. Professa akakaa kitako, akafungua begi, akaweka thèse juu ya magoti na karatasi juu ya thèse, akatia saini. Saini ilipanda kidogo kwa sababu ya goti. Akarudisha kila kitu ndani, akalaza kichwa juu ya begi lenyewe.

"Ile habari ya matawi ya mchikichi," akasema, macho yamefungwa, "usiiandike popote."

"Sitaiandika."

Professa akaanza kukoroma. Symphorien akabaki macho. Alitaka kwenda kumwamsha Adèle amwambie. Akaweka mguu mmoja nje ya mkeka, akakumbuka kwamba bunge limeamua alale chini ya bâche mpaka kukuche, akaurudisha. Akalala ubavu wa pili, ule usio na unyasi. Lori moja likapita. Kabla la pili halijafika, alikuwa amesinzia.